Godoro Lisilosema

Skola mwanangu,

Nimefunga duka mapema leo. Majirani wa hapa Mfaranyaki wameshangaa, maana wananijua: hata siku ya mvua ya mawe mimi siondoki kabla sijauza walau tyubu moja ya baiskeli. Nimewaambia nina kazi ya ofisini. Wamecheka sana, kwa sababu ofisi yangu wanaiona kila siku. Ni kreti ya soda iliyopinduliwa, na ndipo ninapokuandikia.

Wewe saa hizi uko kwa shangazi yako Kresensia kule Mjimwema, wanawake wamekuzunguka wanakuaga, na kila mmoja ana neno lake la kukupa kabla hujaondoka. Wasikilize. Nusu ya wanayosema ni kweli, na nusu nyingine ni mambo waliyotamani yawe kweli. Kesho asubuhi utakuja na mumeo Fidelis kuchukua vyombo, mtapakia, na safari ya Mpanda itaanza. Kwa hiyo mimi sikuandikii habari za kumwamkia mama mkwe, wala namna ya kuhifadhi unga usiingie wadudu. Hayo umeshayajua, na ambayo hukuyajua Kresensia ameshakupigia kelele.

Nakuandikia habari za godoro.

Usicheke. Au cheka kidogo, maana tangu siku ile ya godoro hujacheka na mimi. Umenisalimia vizuri, umenipakulia chakula, umeniitikia "abee baba", lakini kwa heshima ile ya mtu anayemsalimia afisa mtendaji wa kata. Hata Jumamosi ukumbini, uliponilisha keki ya harusi, ulinilisha kwa heshima. Nilitamani uipake puani kwangu kama ulivyokuwa ukinipaka ugali ulipokuwa mdogo. Ukageuka, ukamlisha Kresensia kipande kilichokuwa cha mama yako, na hapo mimi nikajifanya kamba ya kiatu imelegea.

Ngoja niirudie siku yenyewe, ili tuwe tunazungumza jambo moja.

Nilikuwa nimekaa kibarazani, miguu nimeiloweka kwenye beseni. Ukaja na simu yako.

"Baba, tazama. Mimi na Fidelis tumelichagua hili. La springi, kila springi ina mfuko wake, na juu lina tabaka laini kama mto. Si ulisema godoro ni zawadi yako?"

"Nilisema godoro. Sikusema hilo."

"Hili lina nini?"

"Nunueni sponji. Sponji nzito inawatosha. Mimi na mama yako tulianza na sponji."

"Lakini si mlimaliza na hili hili, baba? Lipo chumbani kwako!"

Neno lile "mlimaliza" hukulikusudia, najua. Lakini nilitoa miguu kwenye beseni nikaingia ndani bila kuifuta, nikaacha nyayo za maji sakafuni, na wewe ukabaki na simu yako. Kwa macho yako, baba alikuwa na godoro la kifahari, analala juu yake peke yake kama chifu, na mwanawe wa pekee anamwambia akalale kwenye sponji. Na si mara ya kwanza kuniona hivyo. Siku ya msiba, wanawake walipokuwa wanatoa magodoro ya vyumbani kuyatandika sebuleni ili wafiwa wakae, Kresensia aliingia chumbani kwetu na wenzake wawili kuchukua lile. Nikasimama mlangoni nikasema, "Hilo lisiguswe." Wewe ulikuwa umekaa kwenye mkeka, khanga kichwani, ukaniinulia macho. Nililiona lile jicho. Lilisema: hata leo, baba? Hata leo unabania godoro?

Nilipaswa kukueleza. Lakini unajua kwetu. Baba hazungumzi na binti yake habari za kitanda. Nilivyolelewa mimi Mpitimbi, mzee akitaka kumwambia binti yake jambo la chumbani alimtuma mke, mke akamtuma wifi, wifi akalifikisha neno likiwa limeshavishwa nguo tatu. Na mimi wa kumtuma ndiye aliyeondoka. Juzi Kresensia alikuja kunisema.

"Kaka, mtoto analia. Anasema una roho ya kutu."

"Si roho ya kutu."

"Basi ni nini? Niambie nimpelekee."

Nikajaribu kumwambia, maneno yakakwama. Kresensia ni dada yangu, lakini ni mtu ambaye ukimwambia jambo asubuhi, jioni linakusalimia sokoni. Akanitazama, akaona hali yangu, akapunguza sauti. Umewahi kumsikia shangazi yako akipunguza sauti? Akasema, "Basi mwandikie. Karatasi haina haya."

Ndiyo maana kreti imegeuka ofisi.

Tulipoanza maisha, mimi na mama yako tulikuwa na godoro la sponji la rangi ya machungwa. Halikuwa baya lilipokuwa jipya. Lakini mimi, kama unavyoniona, Mungu hakuniumba kwa kunipimia kwa kijiko, na baada ya muda sponji ile iliingia bonde katikati. Ukilala kushoto unaviringika bondeni, ukilala kulia unaviringika bondeni. Tuliwahi kugombana vibaya sana kuhusu mambo ya ndugu zangu, tukalala kila mtu amempa mwenzake mgongo, ameshika ukingo wa kitanda kwa vidole asiteleze. Usingizi ulipotuchukua, vidole vikaachia. Tuliamka tumekutana bondeni, pua kwa pua. Mama yako akasema, "Godoro hili halina msimamo." Ugomvi ukaishia hapo.

Lakini lilikuwa na tabia moja, Skola. Lilikuwa mmbeya. Mama yako akijigeuza, mimi huku napanda na kushuka kama niko kwenye baiskeli barabara ya makorongo. Akikohoa, najua. Akiamka kwenda kukutazama ulipokuwa na surua, najua. Bibi yako alipofariki, mama yako mchana kutwa alikuwa mkavu, anapika, anapokea wageni, watu wanasema Otilia ana moyo wa chuma. Nilipolala nikasikia godoro linatetemeka, kidogo kidogo, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Sikumwuliza kitu. Nilinyoosha mkono tu. Mimi sikuwa mume mwerevu, mwanangu. Nilikuwa na godoro mmbeya.

Na hilo ndilo nililolitupa.

Mgongo ulipoanza kumsumbua, kila mtu alisema ni godoro. Mimi nikasema ni godoro. Yeye mwenyewe akasema, "Ni godoro, na ni wewe. Ukijigeuza mimi narushwa." Kwa hiyo nikaapa kumnunulia godoro ambalo halijalaliwa na mtu yeyote mtaani kwetu. Na ujue, nilijiona mtaalamu. Mimi nauza springi! Nimefunga shokapu za pikipiki ngapi mji huu? Nikaingia kwenye lile duka la magodoro mjini kifua mbele, mama yako nyuma yangu na mkoba wake wa kanisani.

Dada wa dukani alikuwa mchangamfu. Akatuonyesha hili la kawaida, hili la springi zilizoungana, akafika kwenye lile kubwa, nene, limekaa kama bibi harusi. Akatufunulia kipande cha mfano kilichokatwa ubavuni. Nikaona ndani: springi nyingi, kila moja imeshonewa mfuko wake wa kitambaa, zimesimama bega kwa bega lakini hazikushikana. Juu yake limeshonewa lile tabaka nene unalolipenda wewe, kama mto uliotandazwa kitanda kizima.

"Baba, uzuri wa hili," akasema, "kila springi inajitegemea. Wewe ukijigeuza, mama hana habari. Mama akijigeuza, wewe huna habari. Kila mtu na usingizi wake."

Mama yako akasema, "Hata huyu?" Akaninyooshea kidole tumboni.

"Hata baba. Laleni mjaribu."

"Tulale?" nikasema. "Hapa?"

"Ndiyo baba. Godoro halichaguliwi kwa macho. Vueni viatu, laleni vile mnavyolalaga nyumbani, mkae hivyo kwa muda, muone mgongo unasemaje."

Skola, duka lile mlango wake wote ni kioo. Nje palikuwa na bodaboda wamepaki, nusu yao wateja wangu. Nilimwona mmoja ameshaanza kutabasamu. Mimi, baba mtu mzima, mzee wa kanisa, nivue viatu nilale na mke wangu mchana kweupe mbele ya barabara! Nikamwambia yule dada hakuna haja, mimi najua springi. Nikalibonyeza kwa kiganja. Nikalibonyeza tena kwa ngumi, kama mtu anayepima shokapu ya mbele. Nikakaa ukingoni, viatu vimegusa sakafu, nikaruka ruka kidogo. Nikasema, "Hili ni lenyewe."

Mama yako alisimama pale, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Akasema taratibu, "Ningejaribu hata mimi tu." Nikamwambia, "Otilia, watu wanatutazama." Akalipapasa lile tabaka la juu kwa vidole, kama mtu anayepapasa paji la uso la mtoto, akasema, "Haya. Zuri."

Nikikumbuka vitu vya kurudisha maishani mwangu, sirudishi mambo makubwa. Ningerudisha hapo tu. Ningevua viatu. Angelala vile anavyolala, kiubavu, goti limekunjwa, na labda angesema, "Baba Skola, mbona hata hapa mgongo unauma?" Tungejua kumbe si godoro.

Basi likaja nyumbani limefungwa kwenye nailoni. Mtaa ulikuja kuliona, unakumbuka? Bi Zuhura alilibonyeza akasema, "Mashallah, hili godoro au mkate wa sinia?" Kisha akatoa amri, na akina mama wote wakamuunga mkono: "Nailoni msitoe. Litaingia vumbi." Mama yako akatandika shuka juu ya nailoni, kama sisi sote tunavyofanya kwa kitu kizuri. Tukalala. Tulitoka jasho hata kwenye baridi ya Songea, na kila mmoja akijigeuza nailoni inasema chwaa, chwaa, kama mtu anafungua pakiti ya biskuti kanisani. Mama yako hakujali. Alitaka libaki jipya. Mimi ndiye niliyeshindwa. Siku moja nilichukua wembe nikaichana yote, nikaikunja, nikaipeleka dukani kufunikia matairi.

Hadi leo nailoni ile ninayo. Ilikuwa ndiyo sauti ya mwisho ya mama yako kitandani, na mimi nikaichana ili nilale vizuri.

Na nililala, Skola. Nililala kama gunia la mahindi ghalani. Asubuhi naamka nimenyooka, napiga mluzi, namwambia mama yako, "Umeona? Nilikwambia najua springi." Yeye ananijibu, "Nimeona." Uso wake ulikuwa umeanza kupungua, lakini uso wa mtu unayemwona kila siku ni kama mshale wa saa, hauuoni ukitembea. Aliacha kubeba ndoo. Nikasema anazeeka, nikamtania. Aliacha kwenda Mpitimbi kulima. Nikasema sasa amekuwa mama wa mjini. Nilikuwa na utani kwa kila jambo. Mungu alinipa ulimi mwepesi, na mtu mwenye ulimi mwepesi asipojiangalia, masikio yake yanakuwa mazito.

Siku tuliyompeleka hospitali, wewe ulikuwa chuoni. Tuliingia kwa daktari, binti wa umri wa kwako hivi. Akamwuliza mama yako maumivu yalianza lini, akajibu kwa kukatakata. Kisha daktari akauliza, "Na usiku analalaje?"

Swali hilo nililijibu mimi. Nililidaka hewani. Nikasema, tena kwa majivuno, "Usiku analala vizuri sana, daktari. Hatikisiki. Tuna godoro zuri."

Mama yako alikuwa anatazama dari. Hakuniangalia. Akasema polepole, kwa sauti ile ya kuomba radhi aliyokuwa nayo akiwa amevunja kikombe cha mtu, "Daktari, mimi silali. Muda mrefu sasa. Najigeuza mpaka jogoo anawika."

Daktari akaacha kuandika. Akanitazama mimi, akamtazama yeye, akainamisha kichwa, akaendelea na maswali yake. Sikusikia tena lililosemwa humo ndani. Baadaye vipimo vilionyesha ugonjwa umeshakaa kwenye mifupa ya mgongo, umepanga na kulipia kodi. Wakasema kwa upole wote kwamba tungewahi kungekuwa na mengi zaidi ya kufanya.

Tulipofika nyumbani nilimwuliza, "Otilia, mbona hukuniambia?"

Alikuwa amekaa upande wake wa kitanda, anavua viatu. Akasema, "Ulikuwa unalala vizuri. Tangu nikufahamu sikuwahi kukuona umelala vizuri hivyo. Nikaona nisikuharibie."

"Ungenisukuma hata kwa kiwiko!"

Akacheka. Alikuwa mgonjwa vile, akacheka. "Nilijigeuza kwa nguvu mara nyingi, Baba Skola. Nilikuwa nakusubiri uulize kama zamani. Halafu nikakumbuka yule dada wa dukani. Kila mtu na usingizi wake."

Mwanangu, hayo ndiyo uliyoyaona usoni kwangu siku uliponionyesha picha kwenye simu. Hukuniona nabania. Uliniona naogopa. Nilimwona Fidelis, kijana mzuri, ambaye naye anakoroma (usimwambie, nimemsikia alipolala sebuleni kwetu siku ya kuleta mahari), analala kama gunia, na wewe upande wa pili unajigeuza kwa jambo ambalo hutaki kumsumbua nalo. Na wewe ni mtoto wa mama yako. Nakujua. Ulipovunjika kidole darasa la nne ulikaa nacho siku mbili kwa sababu nilikuwa na wageni.

Niliwaza sponji itakulinda. Upumbavu wa baba! Sponji nayo siku hizi wanatengeneza ngumu, haina umbeya wowote. Na nikajiuliza, kama tungebaki na lile la bonde, mgongo wa mama yako si ungeteseka zaidi kwa miezi aliyobakiza? Siku za mwisho, alipokuwa haamki tena, lile tabaka la juu lilimpokea kama kiganja. Hakupata hata kidonda kimoja. Kresensia aliyekuwa anamwogesha alishangaa. Kwa hiyo siwezi hata kulichukia lile godoro kikamilifu. Lilifanya lote lililoahidi. Halikuahidi kuuliza maswali kwa niaba yangu.

Kwa hiyo nimelinunua, Skola. Lile lile la kwenye simu yako. Lipo hapa nyuma yangu limeegemea ukuta, nalitazama nalo linanitazama. Yule dada wa dukani alinikumbuka. Akaniuliza, "Mama hajambo?" Nikamwambia, "Amepumzika." Akasema, "Pole sana baba. Basi hili chagua taratibu." Na mimi nikavua viatu. Nikalala pale mbele ya kioo, kiubavu, goti nimelikunja kama mama yako, kwa sababu ndivyo na wewe unavyolala. Bodaboda walikusanyika mlangoni. Mmoja akapiga kelele, "Mzee, tukuletee na shuka?" Nikamwambia alete na chai. Nililala mpaka nikaona uti wa mgongo umenyooka na bega limezama linavyotakiwa. Nilichelewa kujifunza, lakini angalau kuna mtu mmoja katika ukoo wetu ambaye godoro lake limechaguliwa kwa kulaliwa.

Mkifika, nailoni ichaneni siku hiyo hiyo. Mpanda ni joto, mtapikika humo ndani. Akina Bi Zuhura wa huko wakija kusema vumbi, wapeni soda. Na chaga za kitanda Fidelis azikaribianishe, zisiachane sana, vinginevyo springi zitakaa vibaya. Mambo ya springi kweli nayajua kidogo.

Lililobaki silijui kulisema kwa uzuri. Kila mtu na usingizi wake ni jambo jema, lakini asubuhi ulizaneni. Umelalaje? Na akikujibu "vizuri", uliza tena, kwa sababu "vizuri" ya kwanza ni salamu tu, kama "shikamoo" na "marahaba". Na wewe ukiulizwa mara ya pili, mwanangu, usijibu kama mama yako. Mwamshe mume wako. Mpige kiwiko. Usingizi wake utarudi kesho.

Sasa nina ombi, nalo limezaliwa hapa hapa kwenye kreti.

Lile tabaka la juu lina tabia ya kubonyea mtu anapolala siku zote. Godoro la namna hii halipinduliwi, maana chini yake si pa kulala. Linazungushwa tu, kichwa kinakwenda miguuni. Tulikuwa tunafanya hivyo mimi na mama yako, yeye upande wake, mimi upande wangu, na kila mara ananiambia nimeshika vibaya. Alipoanza kudhoofika akaniomba, "Baba Skola, tulizungushe, upande wangu umebonyea." Nikasema Jumapili. Jumapili ikaja na mgeni. Nikasema Jumapili nyingine. Kisha ikafika Jumapili ambayo hakuweza tena kusimama kushika upande wake, na peke yangu sikuliweza, ni zito.

Lile bonde lake lipo hadi leo. Dogo tu, la kiubavu, goti limekunjwa. Ndilo nililolisimamia mlangoni siku ya msiba. Nilijua wanawake kumi wakilikalia sebuleni halitabaki. Mimi nalala upande wangu, ukingoni kabisa, na mkono wangu nimeuweka humo. Nilikuwa nimeapa sitalizungusha kamwe, kwa kuogopa kwamba nitampoteza hata hapo.

Lakini leo nilipokuwa naandika, niliizungusha hii karatasi kwenye kreti ili niandike ukingoni, juu kukawa chini. Nikaona kilichokuwa kulia kimekuja kushoto kwangu. Nikaweka kalamu chini. Nikaizungusha tena nihakikishe. Kumbe tukilizungusha, bonde lake haliondoki. Linakuja upande wangu. Mimi ndiye nitakayelala humo.

Kwa hiyo kesho, kabla hamjaanza kupakia, mwache Fidelis nje ahangaike na kamba. Ingia chumbani. Najua si desturi, binti kuingia chumbani kwa baba yake kushika godoro, lakini Kresensia nimempigia simu sasa hivi asimame mlangoni na asiseme neno, na ameapa, ingawa tunamjua. Wewe shika upande wa mama yako. Mimi nitashika wangu, na ukiona nimeshika vibaya, niambie kama alivyokuwa ananiambia.

Barua hii nampa bodaboda aliyeniuliza habari za shuka, ameniahidi itakufikia kabla jua halijazama.

Na kesho wakituona tunatoka chumbani tunafuta macho, tutawaambia ukweli, kwamba godoro ni zito.

Baba yako,
ambaye usiku wa leo atajaribu kutokulala kama gunia.